Kutembezwa na Kutembea

Kila mwaka, tarehe 20 Juni ikikaribia, ubao wa matangazo pale Base Camp hujaa karatasi. Siku ya Wakimbizi Duniani ina mpira, ina ngoma, ina mashindano ya kuchora, na kama bajeti ya shirika fulani haijaisha, ina ziara. Huandikwa kwa herufi kubwa: ZIARA YA SIKU MOJA. Chini yake masharti: umri, zone, idadi ya watu, namba ya simu. Baada ya saa mbili orodha imejaa, na watu wameshaanza kunung'unika kwamba majina yaliandikwa kabla karatasi haijabandikwa.

Mimi sijawahi kugombea nafasi kwenye orodha hizo kwa sababu huwa nachukuliwa kama mkalimani. Nimepanda basi la orodha mara tatu. Na sehemu zilezile nimezifikia kwa taksi ya kawaida, kwa pesa yangu, mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo vijana wa block yetu wakiniuliza, "Kaka, ni afadhali kungoja ziara ao kujiendea tu?", nina la kuwaambia, ingawa si jibu fupi.

Kwanza niwageukie wenzetu wanaosoma gazeti hili wakiwa Kakuma au Nyarugusu. Najua kwenu swali hili lina sura nyingine kabisa. Kenya unahitaji kibali ili utoke kambini, Tanzania vilevile, na kwa wengi wenu gari la shirika ndilo mlango. Sisi wa Nakivale tuko Uganda, na sheria ya wakimbizi ya 2006 inatupa uhuru wa kutembea ndani ya nchi kwa masharti ya kawaida. Kitambulisho mfukoni, nauli mkononi, unaondoka. Kwetu sisi kuchagua ni kuchagua kweli. Labda ndiyo sababu inaniuma kuona mtu mwenye haki hiyo amekaa miaka mitano akingoja jina lake lisomwe.

Basi la orodha lina mazuri yake, tena makubwa. Nitaanza na Biharwe.

Ukitoka Mbarara kwa barabara ya Masaka, kama kilomita 12 hivi, unafika Biharwe. Upande mmoja kuna kituo cha utamaduni cha Igongo chenye makumbusho, upande wa pili kuna mnara. Nilikuwa nimepita hapo kwa taksi labda mara ishirini. Unaona majengo mazuri, unaona mnara, konda anapiga bati kumshusha mtu, mmeshapita. Sikuwahi kujua ule mnara ni wa nini. Nilidhani ni wa kanisa ama wa mwanasiasa.

Siku tuliyokwenda na basi la orodha, kiongozi wa pale alitusimamisha mbele yake akatueleza. Mwaka 1520, Olimi, mfalme wa Bunyoro, alikuwa anarudi vitani na ng'ombe wengi wa mateka. Walipofika Biharwe jua likapotea mchana kweupe. Giza. Jeshi likatimua mbio na ng'ombe wakabaki. Watu wa Nkore walipowakuta wale ng'ombe hawana mwenyewe, wakasema wameanguka kutoka mbinguni. Kupatwa huko kwa jua ndiko wanahistoria wanakokutumia mpaka leo kupanga miaka ya wafalme wa eneo hili, kwa sababu wataalamu wa nyota wanaweza kuhesabu kurudi nyuma mpaka siku yenyewe. Mnara ni wa hiyo siku.

Nikawa natafsiri, Kiingereza kwenda Kiswahili, na mwenzangu ananipokea kwa Kinyarwanda. Mzee mmoja wa Masisi akanyanyua mkono. Aliuliza: "Bale benye kukimbia, balifika kwabo?" Kiongozi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akasema hadithi inaeleza ng'ombe tu. Sisi wote pale tulikuwa watu wa kukimbia na kuacha ng'ombe, au mbuzi, au cherehani. Nilitafsiri lile jibu na hakuna aliyeuliza tena.

Hilo taksi haitakupa. Taksi inakupitisha mbele ya mambo miaka yote na huambiwi kitu. Anayesema ziara za kuongozwa ni za wazungu wavivu, mpeleke Biharwe bila kiongozi umuulize amejifunza nini.

Mazuri mengine ni ya kawaida lakini yana uzito. Mama mwenye mtoto mgongoni hahangaiki na mabadiliko ya gari. Ukifika kizuizi cha polisi, mtu wa shirika anashuka na karatasi yake, nyie mmekaa. Chakula kipo. Jioni basi linakurudisha mpaka Base Camp, halikuachi Mbarara saa mbili usiku ukiomba Mungu taksi ya mwisho ijae. Na ni bure. Siku hizi mgao wa chakula umepunguzwa na kuna nyumba zilizotolewa kabisa kwenye mgao, kwa hiyo neno "bure" si neno dogo.

Sasa niseme na lile lingine.

Basi lilitakiwa kuondoka saa moja asubuhi, likaondoka karibu na saa nne, kwa sababu fulana zilikuwa hazijafika. Lazima kila mtu avae fulana, na kwenye fulana kumeandikwa mgongoni kwamba wewe ni mkimbizi, pamoja na nembo tatu. Tulihesabiwa tulipopanda, tukahesabiwa tuliposhuka, tukahesabiwa kabla ya kula. Hifadhini tuliwakuta pundamilia karibu kabisa na barabara, wametulia, nusu yetu hatujawahi kuona pundamilia, na dakika kumi za kwanza zikaliwa na bango. Bango linafunguliwa, watu wanapangwa, warefu nyuma, akina mama mbele, mtoto mmoja ashikishwe kona. Picha ikarudiwa kwa sababu nembo moja ilikuwa imejikunja. Pundamilia wakaondoka zao.

Silaumu aliyepiga ile picha. Nimekaa na hawa watu wa mashirika vya kutosha, najua ripoti bila picha hailipwi. Ila niwaambie ninyi mnaosoma hapa mkiwa ofisini: siku ile abiria karibu wote walitaka kitu kimoja ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Walitaka kushuka soko la Mbarara nusu saa. Mama mmoja alitaka sufuria yenye mfuniko. Kijana mmoja alitaka tu kutembea barabara yenye taa za duka, peke yake, bila kuitwa. Mwenye orodha akasema haiwezekani, bima hairuhusu. Nikatafsiri na hilo. Tukapita katikati ya Mbarara tumebandika nyuso kwenye vioo.

Mnajua na sisi tunatembelewa. Magari meupe yanakuja, wageni wanashuka, wanaonyeshwa kisima, wanaonyeshwa shule, wanaonyeshwa kikundi cha akina mama wa vikapu, saa saba wanakula, saa tisa wameondoka. Na wao wana mtu anayeangalia saa na kuwahesabu. Nimewatafsiria pia. Kuna mgeni mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kwenda kununua chapati mwenyewe pale ng'ambo ya barabara. Nilimhurumia sana. Yule naye alikuwa kwenye basi la orodha.

Basi, ya shangazi.

Shangazi yangu ni wa Rutshuru, kijiji cha jirani na Rumangabo, pale penye makao makuu ya Virunga. Virunga ni hifadhi ya taifa ya kwanza Afrika, ilianzishwa 1925 wakati wa Wabelgiji. Shangazi alizaliwa pembeni yake, akalima pembeni yake, akaolewa pembeni yake. Kila msimu aliona magari ya watalii yakipita kwenda kuangalia sokwe. Yeye ndani haruhusiwi kulima wala kuokota kuni, na askari wa hifadhi walimfahamu kwa jina. Alivuka Bunagana 2012, na tangu hapo yuko Nakivale. Mbarara aliijua kwa ambulance tu, ile safari ya goti.

Mwaka juzi tangazo la ziara ya Ziwa Mburo lilipotoka, masharti yalikuwa umri wa miaka 18 hadi 35. Nikamwambia shangazi kuna nyingine itakuja, ya wazee, tutamwandikisha. Alinijibu akiendelea kupepeta maharage:

"Usiniandikishe. Mie si mbuzi ya kuhesabiwa. Nilikaa kando ya parke miaka yote, bazungu banaingia, mie naangalia matako ya magari. Leo niingie na bango mu mikono? Hapana. Kama ni kuingia, nitalipa."

Nikamuuliza, kulipa na nini?

"Na haya maharage."

Majirani walisema amechanganyikiwa. Mmoja alimwambia usoni kwamba pesa ya kwenda kuangalia wanyama inanunua gunia la unga, na hakusema uongo. Mimi mwenyewe nilikaa na hilo jambo wiki nzima. Mtu ambaye mgao wake umekatwa ana haki ya kutumia pesa kwenda kuona pundamilia? Jibu nililofika ni kwamba hakuna anayemuuliza fundi baiskeli kwa nini amekunywa bia, wala dada wa saluni kwa nini amelipia kuangalia mechi ya Arsenal kwenye kibanda. Ni raha ya kikongwe tu ndiyo inayopigiwa hesabu ya unga. Tulikusanya miezi mitano, yeye maharage, mimi vibarua vya kutafsiri.

Tuliondoka Base Camp saa kumi na moja na nusu alfajiri. Taksi ya kwanza ndiyo nzuri, kwa sababu inajazwa na wafanyabiashara ambao wana haraka kuliko dereva. Ukikosa ya kwanza, utakaa stejini ukiangalia viti vikijaa kimoja kimoja kama maji ya bomba la mwisho wa mwezi. Tulipata kiti cha nyuma ya dereva, nilikuwa nimempigia konda usiku, kwa ajili ya goti. Taksi ya watu 14, na kwenye karatasi tulikuwa 14. Kuku sikuwahesabu.

Vumbi mpaka ufike lami ya Isingiro, halafu usingizi. Kizuizini polisi alifungua mlango, akaangalia nyuso, akaomba vitambulisho vya watu wanne, shangazi akiwa mmoja. Alitoa kadi yake kutoka kwenye leso alilofunga kiunoni, akampa bila kusema neno. Polisi akaisoma pande zote mbili, akamrudishia kwa mikono miwili, kama anavyopewa mama mtu mzima. Tukaendelea. Najua si kila siku inakuwa hivyo. Vijana wa kiume wanashushwa, wanaulizwa maswali ya ajabu, wengine wanaombwa "ya chai". Hilo ni gharama ya taksi pia, na mwenye kupanga safari alipange.

Mbarara tulisimama saa nzima. Hakukuwa na sababu. Shangazi alitaka kuona paki ya taksi, basi tukaiona. Alikunywa chai ya maziwa na chapati, akajadiliana bei ya sufuria ambayo hakuwa na nia ya kununua, akashinda, akaondoka. Muuzaji alimwita kwa Kinyankole, akamjibu kwa Kinyarwanda, wakaelewana vizuri kabisa. Hakuna aliyemuuliza ametoka zone gani. Kwenye hilo gulio alikuwa mama mnunuzi msumbufu kama wamama wengine wasumbufu.

Kutoka Mbarara unachukua taksi za kwenda Lyantonde au Masaka, unamwambia konda akushushe Sanga. Rudia kumwambia. Konda anasahau, na ukipitilizwa utalipa nauli mara mbili. Tulipopita Biharwe nilimwonyesha shangazi mnara dirishani nikaanza hadithi ya Olimi na ng'ombe, lakini mbele kulikuwa na redio na nyuma kulikuwa na mtoto analia, na kabla sijafika kwenye giza mnara ulishabaki nyuma.

Sanga ni boda. Hapa ndipo pesa inapoliwa, kwa hiyo sikiliza. Kutoka barabara kuu mpaka makao ya hifadhi pale Rwonyo ni mbali, si kilomita mbili tatu. Boda akikupeleka na kuondoka, kurudi utategemea huruma ya gari la mtalii. Lazima mkubaliane kwenda, kungoja na kurudi, bei moja, na umlipe nusu. Tulichukua boda mbili, shilingi elfu thelathini kila moja, baada ya kuanzia hamsini. Shangazi alikaa upande, kama malkia, na akamwamuru dereva aende polepole kwa lugha tatu.

Getini kuna bei kwa makundi matatu: mgeni kutoka nje, mgeni mwenye makazi ya Uganda, na raia wa Afrika Mashariki. Wa kwanza wawili bei zao ni za dola. Wa tatu analipa shilingi. Jambo hili lilikuwa limeninyima usingizi, kwa sababu kadi yetu haisemi wazi sisi ni kundi gani, na kwenye basi la orodha mtu wa shirika ndiye aliyemaliza hayo ofisini. Kijana wa getini aliangalia kadi ya shangazi. Akauliza, "Congo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Si mliingia East Africa?" Kongo iliingia Jumuiya 2022, shangazi hakuwa na habari hiyo. Tukaandikiwa bei ya Afrika Mashariki. Shangazi aliomba risiti yake mwenyewe, tofauti na yangu. Iko ukutani kwake sasa hivi, karibu na kalenda ya kanisa. Ukitaka kwenda, piga simu kwanza uulize kundi lako, usiende kubahatisha mbele ya boda wawili wanaohesabu dakika.

Kwa goti lile, kutembea na askari porini hakukuwezekana, ingawa Mburo wanaruhusu kutembea kwa miguu na wenye afya ningewashauri. Tulichukua mashua. Tulikuwa abiria sita: sisi wawili, mtu na mkewe kutoka Kampala, na wanafunzi wawili. Na kiongozi.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho mabasi matatu hayakunifundisha. Kiongozi na basi si kitu kimoja. Sisi tumezoea kuvipata pamoja kwenye mfuko mmoja, ratiba, fulana, bango, chakula, na mtu wa kueleza, tukadhani ukikataa kimoja umekataa vyote. Kumbe kiongozi yupo palepale, anakungoja, anauzwa peke yake. Unaweza kuja kwa taksi na kuku wako, ukamlipa yeye kwa saa mbili, ukaondoka. Na akiwa wa watu sita badala ya sitini, unaweza kumuuliza swali lako mpaka liishe.

Alitueleza kwamba pundamilia Uganda wako Mburo hapa na Kidepo kule kaskazini. Kwamba swala wale wanaoitwa impala ndio waliozaa jina la Kampala. Kwamba twiga hawakuwepo, waliletwa 2015 kutoka Murchison. Viboko walikuwa wengi, wanapumua kama wazee wanaopanda kilima. Mke wa yule bwana alipiga picha kila kiboko mmoja mmoja.

Shangazi alikaa kimya mpaka katikati ya ziwa, halafu akaniambia nimuulize: wenye ng'ombe walikwenda wapi?

Nikamtafsiria kijana. Aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akapunguza mashine ya mashua. Akaanza. Alisema hapa palikuwa malisho ya Wahima kwa miaka mingi. Ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983, watu waliondolewa kwa nguvu. Serikali ilipobadilika walirudi na hasira, wakaua wanyama wengi ili pasibaki sababu ya kuwafukuza tena. Baadaye hifadhi ikapunguzwa, sehemu ikarudi kwa watu. Mpaka leo ng'ombe na pundamilia wanachanganyika kule pembeni, na maneno hayajaisha.

Shangazi alitaka kujua kama waliokuwa wamefukuzwa wanaingia bure. Kijana akasema hapana, wanalipa kama raia wengine, ila sehemu ya kiingilio inarudi kwenye vijiji vya jirani, kwa shule, kwa zahanati. Akamuuliza na yeye: kwenu ilikuwaje? Na shangazi, ambaye kwa miaka kumi na miwili ameulizwa maswali na kila mwenye fomu na hujibu kwa maneno mawili, akamweleza Virunga kuanzia mwanzo. Kuni. Askari aliyemjua jina. Mtoto wa kaka yake aliyekamatwa na mtego wa wanyama. Jinsi watalii walivyompungia mkono na yeye akiwapungia, kila siku, mpaka akazoea. Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Mtu wa Kampala aliacha simu yake. Hakukuwa na mtu wa kuandika, wala kusema muda umekwisha, wala "asante mama kwa kushiriki".

Tukirudi ufukweni kijana akasema jambo moja la mwisho. Mto Rwizi unaopita Mbarara ndio unaolisha maziwa haya yote, Mburo na Nakivale ni mfumo mmoja wa maji, na eneo zima, Mburo na Nakivale pamoja, limeorodheshwa na mkataba wa Ramsar tangu 2006. Yaani ziwa tunalochota sisi na ziwa la watalii ni ndugu.

"Kumbe ni maji yetu," akasema shangazi. "Njo tumelipia?"

Alicheka mpaka akashika goti.

Kurudi haikuwa rahisi, na hili naliandika ili mtu asije akaniapiza njiani. Boda mmoja alitaka kuongezewa pesa. Taksi za kutoka Masaka zilipita Sanga zimejaa, tukasimama barabarani karibu saa moja na nusu, shangazi amekaa juu ya jiwe. Mbarara tulifika jua limezama. Taksi ya Nakivale ilikuwa na watu saba, na dereva akasema bila kujaa hatoki. Ilifika wakati nikahesabu pesa zilizobaki nione kama zinatosha gesti, na hazikutosha. Mwishowe tuliokuwa ndani tulichanga viti vilivyokuwa wazi, akatoka. Tuliingia nyumbani saa nne usiku. Shangazi alilala na goti limefungwa kitambaa cha maji ya moto, na kwa siku mbili hakwenda shambani. Mwanamke peke yake, au mtu mwenye ujauzito, au mwenye watoto watatu, mimi sitamwambia apande taksi ili aonje uhuru. Aende na basi la orodha, avae fulana, afike salama.

Jumla tulitumia zaidi kidogo ya laki mbili na nusu, watu wawili, na sufuria haimo. Ni pesa nyingi. Kama ninyi wa ofisini mnasoma bado, kuna hesabu hapa ambayo ningependa muifanye siku mnapopanga Juni ijayo: ondoeni fulana, ondoeni bango, pungueni chakula cha boksi ambacho nusu kinatupwa, halafu mpe kila mtu nauli yake na mlipe kiongozi kule aendako. Watu wanne wanne, siku wanazotaka wao. Wanaohitaji basi wapate basi, na basi lisimame soko la Mbarara. Hamtapata picha ya pamoja. Mtapata risiti, nyingi tu, kila moja na jina la mtu.

Shangazi ameshaanza kupepeta tena. Ile hadithi ya mnara niliikatiza kwenye giza, na hajaisamehe. Anataka kushuka Biharwe na kumuuliza mwenyewe yule kiongozi kuhusu waliokimbia. Ni karibu zaidi, hakuna boda, unashukia mlangoni. Nauli nimeshaulizia, na konda wa taksi ya kwanza ameshaambiwa habari ya kiti cha nyuma ya dereva.